Sauti ya Kuazima Mlimani Baiyun

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, chekundu, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa waya. Kilikaa mlangoni mwa ofisi ya mizigo pale Sanyuanli, mjini Guangzhou, China. Kila nilipoingia na mifuko yangu ya shangazi kaja, mmoja begani na mwingine naukokota, mwenye ofisi, Mtanzania mwenzangu wa Dar es Salaam, alipaza sauti kuwaambia waliokuwamo: "Jamani, shemeji yenu kafika, mpisheni kiti." Watu wakapisha, nami nikakaa. Wala sikukaa kwa kuwa nilikuwa shemeji ya mtu. Nilikaa kwa kuwa miguu iliniuma.

Watu wakiniuliza leo Guangzhou ya miaka ile ya mwisho ya tisini ilikuwaje, wanataka niwasimulie maghorofa na treni. Mimi nakumbuka uchovu. Soko la nguo la Shahe lilikuwa limeshachemka kabla jua halijatoka, na ukichelewa mali nzuri imekwenda. Unapanda ngazi ukisukumwa na matoroli, unabishana bei kwa kikokotoo, unasema tai gui, ghali mno, mpaka ulimi unakauka, halafu unabeba. Mchana unapeleka mzigo Sanyuanli ukafungwe. Jioni unasonga ugali wa unga wa Kichina usioshikana, unakula nusu, unalala na soksi. Nilikuwa mjane. Mwanangu nilimwacha kwa mama yangu Iringa, nami nikawa mtu wa kununua blauzi za akina mama kwa ajili ya maduka ya Kariakoo.

Mwenye ofisi hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane mapema. Ndiye aliyenitafutia chumba nilipofika sijui kusoma hata kibao cha choo. Nilipougua homa alinipeleka hospitali akanisubiri kwenye benchi. Yeye na mkewe waliachana zamani. Alianza kwa utani wa kuniita mchumba, nikacheka, kwa sababu kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kujibu. Kesho yake akarudia, nikacheka tena. Baada ya muda utani ukageuka habari. Wakenya wa jengo letu wakaanza kuniuliza kwenye ngazi, "Shem, harusi ni lini, tujipange?" Nami nimebeba maji ghorofa tano, sina pumzi ya kusema chochote, napita tu. Wakachukulia kwamba kupita kwangu ni aibu ya bibi harusi.

Sasa niseme habari za yule binti wa Shahe.

Alikuwa akiuza blauzi ghorofa ya pili, katika kibanda cha laoban wake, bosi mmoja asiyeinua macho kwenye hesabu zake. Wauzaji wa pale walikuwa na mtindo wa kusimama juu ya kigoda, kupiga makofi na kunadi mali kutwa nzima. Mimi nimeimba kwaya ya Kilutheri tangu sijaota meno ya ukubwa, sauti ya pili, na masikio yangu hayajawahi kustaafu. Siku ya kwanza nilipoisikia sauti ya yule binti nilisimama katikati ya njia, toroli likanigonga kisigino. Ilikuwa sauti ya kwanza, safi, inayotoka tumboni bila kukaza shingo. Kwetu mwalimu wa kwaya angemkataza mtu mwenye sauti ile hata kunywa maji baridi. Pale ilikuwa inatangaza blauzi.

Tukazoeana. Nilizungumza naye kwa kimombo cha sokoni, Kichina cha sokoni, na mikono. Siku moja nikichambua vifungo vilivyolegea nilikuwa navumisha wimbo wa kwaya bila kujua, akashuka kwenye kigoda akasikiliza, kisha akavumisha pamoja nami, juu kidogo ya sauti yangu, bila kukosea hata noti moja. Nilicheka mpaka bosi wake akainua macho. Tangu siku hiyo akaniita jiejie, dada mkubwa, na aliniwekea blauzi zisizo na kasoro chini ya meza.

Kabila lake ni Wayao. Nilipolisikia jina nikamwambia kwetu kusini, kule Tunduru na Masasi, nako kuna Wayao, naye akaona ni jambo la kawaida kabisa, kama kwamba dunia nzima lazima iwe na Wayao wake. Majina yamefanana tu. Wa kwake ni watu wa milima ya kaskazini mwa jimbo lile la Guangdong, wana lugha yao, na pale sokoni wenye mji waliwaona washamba.

Kwao, alinieleza, mavuno yakishaingia ghalani, katika mwezi wa kumi wa kalenda yao, vijiji hukutana kuimba. Kuna ngoma ndefu, kuna pombe ya mchele, na kuna vijana wa kiume upande mmoja na wasichana upande wa pili. Kijana hamwambii msichana kwa maneno makavu kwamba anamtaka. Anamwimbia. Anauliza kwa wimbo, naye anajibiwa kwa wimbo, anauliza tena, na shughuli inaweza kumaliza siku. Akikubaliwa, msichana humpa mshipi alioutarizi mwenyewe. Akikataliwa, hukataliwa kwa wimbo vilevile, taratibu mpaka mwisho: unawasifu wazazi wake, unaisifu mikono yake, ndipo unamwonyesha njia nyingine. Mwanamume aliyekataliwa hivyo huenda kwao kifua mbele, na hakuna wa kumcheka.

"Na asiyejibiwa?" nikamuuliza.

"Msichana asipojibu, wenzake wanamjibia," akasema. "Wanasema anaona haya, sisi tunaujua moyo wake. Na jibu lao linashika."

"Hata wakikosea?"

Akainua mabega, akarudi kwenye kigoda chake. Mimi nikabaki na blauzi mkononi, nikikifikiria kile kiti chekundu.

Mjini hawakuwa na nafasi ya kwenda kwao kwa mavuno. Kwa hiyo Wayao wa viwandani, wa sokoni na wa mizigo walikuwa wakipanda Mlima Baiyun, ule unaoonekana nyuma ya mitaa yetu, Jumapili mchana, na kuimba huko kwenye misonobari. Huko ndiko kijana mmoja alikomwimbia yule binti. Nilimjua. Alikuwa mfungaji wa mizigo palepale ofisini kwa mwenzetu wa Dar, kijana mtulivu mwenye vidole vinene, na marobota aliyoyafunga yeye yalifika Dar es Salaam kamba haijalegea. Alitoka kijiji cha jirani na cha binti. Alikuwa amekwisha mwimbia, naye akamjibu nyimbo za kupitisha wakati, hazikubali wala hazikatai, kama ada yao inavyoruhusu mwanzoni. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya jibu.

Na wiki hiyohiyo sauti yake ikakatika.

Bosi alikuwa na blauzi za mikono mifupi zilizomlalia, na baridi ilikuwa imeanza, kwa hiyo binti alinadi kutwa, siku baada ya siku, kwenye vumbi lile la nyuzi. Nilipokwenda kuchukua mzigo nilimkuta juu ya kigoda anapiga makofi, mdomo unafunguka, na hakuna kinachotoka ila upepo. Alinivuta nyuma ya rafu tukakaa juu ya robota, akaninong'oneza sikioni, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na hofu.

Alitaka kumkataa yule kijana.

"Ana ubaya gani?" nikamuuliza, maana mimi nilimpenda kwa kamba zake tu.

"Hana."

"Una mwingine?"

"Mei you." Hakuna.

"Sasa?"

Akakusanya pumzi. "Jiejie, tangu nipate akili mimi ni wa mtu. Nilikuwa wa baba, nikawa wa kaka zangu, sasa ni wa laoban. Nikimkubali, nitakuwa wa mlima, wa mama mkwe na wa ng'ombe. Nimechoka. Nataka mwaka mmoja nisiwe wa mtu yeyote. Nataka kulala."

Ningekuwa na la kumjibu ningekuwa nimejijibu mwenyewe kwanza.

Wenzake, wale wasichana wa milimani, walishampangia. Kijana ni mzuri, wazazi wanajuana, nini tena? Hata mshipi walishamtarizia, wamegawana kazi mabwenini, mmoja ua, mwingine ndege. Ada yao inaruhusu mtu aliyeishiwa sauti kuazima sauti ya mwenzake, alimradi mwenyewe asimame pembeni yake. Aliwaomba mmoja mmoja wamwimbie lile jibu la kukataa. Wakacheka, wakamwambia anywe tangawizi, apumzike, wao watajibu. Alijua watajibu nini.

"Wewe unaimba," akaninong'oneza.

Mimi? Nilikuwa na marobota ya kufungisha, nilikuwa na fulana zimekosewa saizi, nilikuwa na kisigino kimevimba. Nikamwambia simjui Myao hata mmoja zaidi yake na huyo kijana, lugha yao siijui, na Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala mchana. Hakunibembeleza. Alisimama, akafuta uso kwa kiganja, akapanda kigoda, akaendelea kupiga makofi bila sauti kwa sababu bosi alikuwa anamtazama. Nikaondoka. Nikafika ngazini nikakasirika, nikamkasirikia yule bosi, nikamkasirikia yule kijana kwa kuwa mwema, nikajikasirikia mimi na kisigino changu. Nikarudi.

"Haya," nikamwambia. "Nifundishe."

Wanakwaya wa kwetu tuna ujeuri mmoja: tunaamini hakuna wimbo duniani usiofundishika. Tumeimba Kijerumani kanisani Krismasi nzima na hakuna aliyejua anasema nini, isipokuwa kwamba Bwana amezaliwa. Kwa hiyo nilimwendea yule binti kwa imani. Aliniwekea maneno sikioni kwa kunong'ona, kipande kwa kipande, na muziki akanionyesha kwa kiganja, kinapanda, kinashuka, kinatulia. Mimi nikaugeuza kuwa so, la, so, mi, nikaupata. Beti zilikuwa nne. Wa kwanza unakisalimu kijiji chake. Wa pili unaisifu mikono yake. Wa tatu unasema njia ya mlangoni kwangu mwaka huu ina utelezi. Wa nne unamtakia afike penye mlango wenye taa.

Niliimba nikisonga ugali. Niliimba kwenye basi nikishika bomba, na mzee mmoja akahama kiti. Niliimba ngazini, jirani yangu wa Mombasa akafungua mlango akaniuliza, "Mama, ushaokoka Kichina siku hizi?" Siku hizo chache nilichoka kwa namna tofauti. Ulikuwa uchovu wenye kazi yangu mwenyewe ndani yake, na nilikuwa nimesahau kwamba upo uchovu wa namna hiyo.

Ijumaa nilikaa kwenye kile kiti chekundu nikisubiri mzigo, na bila kujua nikaanza kuvumisha. "Mwamwona shemeji yenu?" mwenye ofisi akasema kwa furaha. "Leo anaimba. Mambo yameiva." Wote wakacheka. Yule kijana alikuwa amepiga goti juu ya robota langu, kamba mkononi. Aliinua kichwa. Alinitazama muda mrefu, nami nikaacha kuvumisha. Kisha akainama, akakaza fundo, akaendelea na kazi.

Jumapili niliwatumia wenzangu wa ibada salamu kwamba nina udhuru, nikapanda mlima. Sijui ni nani aliyesema kupanda mlima ni mapumziko. Binti alinisubiri njiani, akanishika mkono, tukaenda tukisimama kila penye kona kwa ajili ya kisigino changu. Juu, mahali pa wazi kati ya misonobari, wasichana walikuwa wameshafika na sare zao za viwandani. Kila mmoja alitoa kwenye mfuko wa nailoni kitambaa chake cha kichwa kilichotariziwa, akakifunga, na mbele ya macho yangu wakaacha kuwa wafanyakazi wa kiwanda. Wanaume walikaa ng'ambo ya kinjia. Ngoma ndefu hawakuwa nayo, walikuwa na ndoo tupu ya rangi, na jamaa mmoja aliipiga vizuri kabisa kwa viganja.

Msichana mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wenzake, alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti mapajani. Binti akanionyesha kwa kidevu. Ulikuwa mshipi.

Yule kijana akasimama. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya kutoka kwenye mfuko wake. Sikujua kwamba mfungaji mizigo wetu alikuwa na sauti ile, sauti ya tatu yenye kifua, isiyo na haraka. Aliimba mpaka nikasahau kilichonipeleka. Alipomaliza ndoo ikanyamaza, na upande wetu wasichana wakatazamana, wakivuta pumzi ya kujibu.

Binti akanisukuma mgongoni.

Nilisimama, mwanamke mweusi mnene mwenye kanga kiunoni, naye pembeni yangu ameshika mkono wa sweta langu. Wakaangua kicheko, pande zote mbili. Siwalaumu. Nikavuta so yangu, nikaanza. Ubeti wa kwanza haujafika nusu, kicheko kikafa. Ubeti wa pili, ule wa mikono yake, niliuimba kwa moyo, maana ile mikono niliijua. Nilimwona anaitazama. Nikajiambia, kazi inakwenda.

Kabla sijaingia wa tatu, akaimba yeye.

Hapo ndipo ukwaya wangu uliponitupa. Kwenye kwaya hakuna wa kukukatiza katikati. Wimbo ukishaanza unakwenda mpaka mwisho, hata mwalimu akizimia. Nilikuwa nimejifunza ule wimbo kama kipande kilichopigwa chapa, beti nne, amina, kaeni. Wala binti hakunionya, kwa sababu kwake ilikuwa wazi mno, kama kumwonya mtu kwamba ukisema na mwenzako, naye atasema. Kwao ule ulikuwa mazungumzo. Kijana alikuwa ameuliza swali, na mimi sikuwa na jibu lolote ila lile nililokariri. Kwa ubishi wangu nikaendelea na wa tatu, nikamweleza habari za utelezi. Mtu mmoja upande wa wanaume akaguna.

Kijana akarudia swali lake, taratibu zaidi, akinitazama usoni kwa huruma.

Nikanyamaza. Sijawahi kunyamaza namna ile mbele ya watu tangu nizaliwe. Jasho likanitoka na baridi yote ile. Yule mwenye gazeti mapajani akasimama, akalifungua, mshipi ukaonekana, mwekundu na mweusi, mzuri wa kuumiza, akasafisha koo ili ajibu. Nilielewa bila lugha kwamba mambo yamekwisha, kwamba nimemharibia, na kwamba sasa binti ataolewa kwa sababu mimi sikujua la kusema. Nilitamani kulia.

Mkono wa sweta langu ukaachiwa.

Binti alikwenda mpaka ukingoni mwa kinjia, peke yake, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Ilikuwa sauti ya mlango wa bati, inapasuka, inapotea, inarudi chini zaidi. Lakini ilikuwa kwenye wimbo. Watu wote wakainamia mbele wasikie, hata yule jamaa wa ndoo, na kijana akavuka hatua moja asogee, mkono nyuma ya sikio. Hakuimba sana. Alipomaliza alikohoa mpaka akashika magoti.

Maana yake aliniambia baadaye, sauti ilipomrudia. Kijana alikuwa ameuliza: Sauti ninayoisikia ni ya mgeni, ile niliyoijua mlimani imekwenda wapi? Naye akamjibu: Nimeiuza Shahe pamoja na blauzi. Hata ya kukukatalia imebidi niiazime. Wewe ni mtu mzuri na mimi nimechoka, nami sitaki kuja kwako nimechoka. Niache.

Pale mlimani sikujua maneno hayo. Nilichojua ni kwamba yule mwenye mshipi alikaa chini taratibu, akaufunga tena kwenye gazeti.

Kijana aliushusha mkono wake kutoka sikioni. Nilidhani atageuka aondoke, kama ambavyo wanaume wa kwetu wangefanya, na kumsema njia nzima. Badala yake aliimba ubeti mmoja mfupi, viganja wazi, nao nikautambua muziki wake: ulikuwa ule wa nne, wa mlango wenye taa, ambao mimi sikuufikia. Alimtakia yeye. Kisha akachukua chupa yake ya chai, ile ya kioo ambayo kila mfanyakazi wa mji ule alitembea nayo, akaifungua kifuniko, akampa ng'ambo ya kinjia. Binti akanywa yote, majani yakabaki. Akamrudishia. Kijana akarudi kukaa na wenzake, mtu mmoja akampigapiga begani, ndoo ikalia, na kijana mwingine akasimama kumwimbia msichana mwingine.

Binti alikuja akakaa kando yangu, akalaza kichwa begani kwangu. Nikaanza kumwomba msamaha kwa Kichina changu kibovu, nikaona hanisikii. Alikuwa amelala. Alilala palepale, nyimbo zikiendelea juu ya kichwa chake, na mdomo wazi kidogo kama mtoto. Wenzake walipotaka kumwamsha niliwakatalia kwa kidole. Bega likafa ganzi, jua likashuka nyuma ya misonobari, nami sikusogea.

Siku ya pili yake nilipeleka mzigo Sanyuanli. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, shangazi kaja moja imekatika mkanda, kisigino kinadunda. Niliingia mlangoni na mwenye ofisi akafurahi kama kawaida yake. "Jamani, shemeji yenu kafika. Mpisheni kiti."

Mkenya mmoja akanyanyuka, akakifuta kile kiti kwa kiganja. Mwili wangu wote ulikitaka. Kule nyuma, kijana wa Kiyao alikuwa amepiga goti juu ya robota, kamba imezunguka ngumi, tayari kuvuta.

Sikukaa.

"Kaka," nikamwambia mwenye ofisi, na jinsi nilivyolisema neno hilo watu wakageuka kunitazama. "Ulinitafutia chumba nilipokuwa sina pa kulala. Ulikaa na mimi hospitali. Mtu mwema nikiulizwa nitakutaja wewe wa kwanza. Lakini mimi si mchumba wako, na hawa si shemeji zangu. Nilikuwa nacheka kwa sababu ya uchovu. Sitaki kuolewa, kaka. Nakuombea upate mtu anayekuja kwako kwa furaha."

Alinitazama, kalamu mkononi. Uso wake ulikunjuka, ukakunjana, ukatafuta utani ukaukosa. "Sasa si ungesema zamani," akasema kwa sauti ndogo.

"Nasema leo. Nisamehe kwa kuchelewa, lakini jibu ni hilo."

Mvua iliendelea mlangoni. Nilipogeuka nilimwona yule kijana wa Kiyao. Kiswahili hakukijua hata neno. Alikuwa ameiacha kamba ilegee mkononi na ametulia kabisa, akiinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri wengine wamalize kusali. Alikaa hivyo mpaka alipohakikisha kwamba nimemaliza. Ndipo akazungusha kamba kwenye ngumi yake, akavuta, akafunga fundo la robota langu.